Mikono Nyuma, Nyabo

Juzi kijana mmoja wa chuo, mwenye adabu na viatu vyeupe, aliniuliza swali mbele ya wenzake. "Mama, hii kazi ya kuwafuata wagonjwa nyumbani na kuwafundisha upya kujifanyia mambo, kweli inamrudisha mtu kujitegemea? Ama tunawasumbua tu wazee wa watu?"

Wenzake wakacheka chini kwa chini. Mimi nikacheka kuwashinda wote, kwa sababu swali hilohilo niliulizwa na mzee mmoja wa Angurai, kwa Wateso, miaka ya tisini, mate yakimtiririka upande mmoja wa mdomo. Yeye aliuliza vizuri zaidi. Alisema, "Na hii mchezo yenu itanisaidia, ama mnataka nikufe nikiwa nimechoka?"

Nitawajibu, lakini kwa njia yangu. Shule niliiacha darasa la tatu, na shule haikunililia. Kila ninachojua kiliingia kupitia mikono hii, na cha ajabu ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa kuizuia mikono hii isifanye kitu.

Kabla ya hapo nilikuwa nabeba mizigo mpakani Busia. Nilikuwa navuka na mikungu ya ndizi kutoka upande wa Uganda, mmoja kichwani na mwingine mgongoni, napita katikati ya malori na wabadilisha pesa, na hakuna mwanaume aliyethubutu kusimama njiani. Watu wa boda boda za baiskeli waliniita Lori. Hata leo nenda Burumba uulize nyumba ya Mama Lori. Utaletwa mpaka mlangoni, na watakaokuleta watakuwa wanacheka.

Sasa zahanati moja ya kanisa ilikuwa inatafuta mtu wa kuzunguka na muuguzi manyumbani. Waliposikia kuna mwanamke anabeba mikungu miwili, walisema huyo ndiye, atabeba wagonjwa. Nikafurahi. Nikajiona nimepata kazi ya kukaa kivulini.

Muuguzi mwenyewe aliitwa Sista Nakato. Si mtawa, usikosee. Sisi tulikuwa tunaita kila muuguzi sista. Alikuwa Mganda aliyevuka wakati kwao kulichafuka, akafika Busia akaona hapa panatosha. Mfupi, mnene, sauti kama ya kuku aliyeona mwewe. Hospitali za kwao alikuwa amefanya mambo ya mazoezi ya viungo, na alichojua alikijua mpaka kwenye mfupa. Mimi kila mtu mfupi nilimdharau mpaka nilipokutana na yeye.

Siku ya kwanza tulienda Burumba kwa bibi mmoja, Kukhu Nabwire, aliyelala kitandani muda mrefu baada ya kuvunjika mguu. Mguu ulikuwa umeshapona. Bibi ndiye alikuwa hajaambiwa. Akasema anataka kwenda choo. Mimi Lori nikaingia kazini! Nikamzoa kama mkungu, nikampeleka mpaka chooni, nikamrudisha, nikamlaza, nikamfunika shuka vizuri. Watu wa nyumba wakapiga makofi. Nikasimama nikingoja sifa za Sista.

Sista akaniangalia. "Nyabo," akasema, maana wao wakimheshimu mwanamke wanamwita hivyo, "na jioni akitaka choo utakuja?"

"Jioni niko kwangu."

"Na kesho asubuhi?"

Nikajifanya nanyoosha shuka.

"Basi umempeleka choo mara moja, na umemnyima choo siku zote zilizobaki."

Kesho yake tulirudi. Kabla hatujaingia, Sista akavua leso yake kiunoni, akaniambia, "Mikono nyuma, nyabo." Nikadhani ni mchezo. Akanifunga mikono nyuma ya mgongo, fundo la kweli, tukaingia hivyo. Kazi yangu ikawa kusema kwa mdomo tu: bibi, vuta miguu nyuma, bibi, inama mbele, bibi, sukuma. Kukhu alipoona mtu mkubwa kama mimi nimefungwa kama mbuzi wa mahari, alicheka mpaka akajikuta amekaa. Kutoka kwenye kicheko mpaka kusimama hapakuwa mbali.

Shida ilikuja tulipotoka nje. Sista alisahau kunifungua, na mimi kwa kiburi sikutaka kumwomba. Tukapita sokoni, yeye mbele, mimi nyuma na mikono imefungwa. Burumba nzima ikasimama. "Mama Lori ameshikwa! Mama Lori ameshikwa na magendo!" Mwanamke mmoja akaanza kulia, wa pili akaanza kuuliza nani sasa atambebea ndizi zake. Mpaka leo kuna watu wanaamini niliwahi kulala ndani kwa ajili ya sukari ya magendo. Nimechoka kukataa.

Hiyo ndiyo kazi, wanangu. Kubeba mtu ni rahisi, hata punda anaweza. Kumwacha ainuke mwenyewe mbele ya macho yako, anatetemeka kama karai kwenye moto, na mikono yako inawasha, hiyo ndiyo inataka nguvu.

Siku hizi mna vyuma vyenye magurudumu, mna mipira ya rangi inayotoka dukani, mna simu ya kuwaonyesha picha. Vizuri, sina wivu. Sisi tulikuwa na mpira wa ndani wa baiskeli, na Busia haikukosa baiskeli. Ukiukata vipande, unafunga kimoja kwenye mguu wa kitanda, mgonjwa anavuta na mkono dhaifu. Unazungushia kingine kwenye mpini wa kijiko, kijiko kinanenepa, vidole vilivyolegea vinapata mahali pa kushika. Fimbo za kushikilia tulikata kwenye miti, tukazichimbia uani safu mbili, mgonjwa anapita katikati. Kuku nao walipita.

Na haya yashikeni, maana hayajazeeka. Mtu aliyelegea upande mmoja akivaa shati, mkono mgonjwa unaingia kwanza, na akivua unatoka mwisho. Ni kama mgeni: anapakuliwa wa kwanza, anaondoka wa mwisho. Akipanda ngazi, mguu mzima ndio uanze. Akishuka, mguu mgonjwa ndio uanze, mzima ubaki juu ukishika mwili. Na kabla hujamfundisha chochote, muulize anataka kufanya nini. Yeye mwenyewe! Si mwanawe aliyetoka Nairobi.

Hilo la mwisho nililiona Malaba. Kulikuwa na mwanamke pale karibu na maegesho ya malori, mpishi wa chapati, madereva walimjua mpaka Kampala. Alivunjika nyonga. Tukamfundisha kutembea, akatembea kidogo, akarudi kukaa. Tukamsihi, wapi. Siku moja Sista akaenda kununua unga, akamwekea karai mezani, mbali na kiti, halafu akaniambia nikande mimi. Mimi chapati zangu hata mbwa wa Malaba hawazili. Yule mama akaniangalia, akaniangalia, akaguna. Nilipoanza kuongeza maji hakuvumilia. "Toka hapo, unaua unga!" Akainuka, akashika meza, akaja hatua kwa hatua mpaka kwenye karai, akanisukuma na nyonga. Na ile nyonga mbovu, tena! Alikanda unga mpaka ukalainika, amesimama, akinitukana kwa lugha tatu. Mimi mikono nyuma, natabasamu kama bibi harusi.

Wako waliokataa pia, na sitawadanganya. Kulikuwa na mzee pale mjini Busia aliyependa kiti chake kuliko miguu yake, maana akiwa kitini watoto wote walikuja kumuona. Akitembea, nani atakuja? Hatukumweza. Kulikuwa na wengine mwili wenyewe ulikataa, na hapo kazi yako ni kumweka vizuri, kumgeuza, kumsafisha, kumheshimu. Usimlazimishe mtu ndoto yako. Hayo nayo ni kazi.

Sasa turudi Angurai.

Mzee Etyang' alikuwa mkulima wa wimbi na muhogo, mrefu, mwenye maneno mengi. Asubuhi moja wakati wa kupanda alianguka katikati ya shamba. Kiharusi. Kikachukua upande wote wa kulia: mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Hospitali walimrudisha nyumbani akiwa hai, na kazi iliyobaki ikawa yetu.

Gari la zahanati lilitushusha Malaba, na kutoka hapo tulienda kwa baiskeli, mimi naendesha, Sista nyuma kwenye keria amenishika kiuno. Watu barabarani walipiga kelele, "Lori limebeba daktari!" Sista alikuwa mtu pekee niliyeruhusiwa kubeba katika kazi ile yote.

Tukafika bomani. "Yoga!" tukasalimia kwa Kiteso chetu cha kuombea maji. Tukamkuta Mzee amewekwa kwenye kiti, mito kila upande kama askofu. Mkewe, Mama Omuse, anamlisha kwa kijiko. Mke wa mwanawe, Amoit, amepiga magoti anamwosha miguu. Mjukuu wa kike anafukuza nzi.

Sista akauliza, "Huyu mzee anafanya nini mwenyewe?"

"Anapumua," Mama Omuse akajibu, na fahari tele.

Msimcheke. Kwa Wateso, na hata kwetu Waluhya, heshima ya mzee ni kuhudumiwa. Mzee akionekana anajichotea maji, jirani hataona mzee anayepona. Ataona mke aliyechoka na mumewe. Mama Omuse alikuwa analinda jina lake, kijiko baada ya kijiko.

Sista akachuchumaa mbele ya kiti. "Mzee, wewe unataka nini?"

"Anataka kutembea," mkewe akasema.

"Anataka kulima," Amoit akasema.

Mzee akatikisa kichwa. Akainua mkono wa kushoto polepole, akaonyesha juu, kwenye paa la nyasi. Pale juu ulikuwa umechomekwa mrija wake.

Kama hujakaa na Wateso, nikueleze. Wana pombe yao ya wimbi, ajono. Inawekwa kwenye mtungi mkubwa katikati, inamwagiwa maji moto, na wazee wanakaa kwa mduara kwenye vigoda, kila mtu na mrija wake mrefu umeingia mtungini. Hapo ndipo mambo ya nchi yanapoamuliwa: nani alimiwe kesho, nani apatanishwe, nani amuoe nani. Asiyekaa kwenye mtungi hayuko. Na mtungi una adabu yake. Huchungulii ndani. Hupulizi. Na mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto hata siku moja. Ukifanya hivyo umewatukana wote waliokaa.

Mkono wa kulia wa Mzee Etyang' ulikuwa umelala mapajani kama samaki.

"Wazee walisema nibaki nyumbani," akasema, maneno yakiteleza mdomoni. "Watanitumia yangu kwa kikombe." Machozi yakashuka, na upande mmoja wa uso haukujua kama unalia. "Kikombe! Kikombe ni ya chai. Kikombe ni ya padri."

Hapo ndipo aliponiuliza lile swali la kufa akiwa amechoka. Sista akamjibu kwa heshima wanayompa mwanaume kwao, "Sijui, ssebo. Tujaribu."

Sikilizeni vizuri sehemu hii, nyinyi wenye haraka. Sista hakumpa mrija siku hiyo. Alianza na maji ya kijiko kimoja, akamtazama koo, akangoja, akasikiliza kama atakohoa. Mtu wa kiharusi anayekohoa akinywa usimpe mrija, maji yataenda mapafuni. Mpaka alipoona anameza vizuri, tena amekaa wima, ndipo mrija ukashushwa. Na dawa za presha zikamezwa kila siku mbele ya mkewe. Kuhusu pombe, Sista alikuwa mkali. Tungefanya mazoezi na uji mwembamba uliochujwa, na siku ya siku, kama ingefika, ingekuwa kuonja tu.

Mrija nilizungushia mpira wa baiskeli pale anaposhika, ukanenepa. Nikaufurahia sana. Kisha akaja jirani yake.

Huyu jirani aliitwa Mzee Ikapel. Walikua pamoja, walioa mwaka mmoja, na walikuwa wanatukanana tangu wavulana. Aliingia, akauangalia ule mrija. "Etyang', hii ni mrija ama pampu? Unaenda kunywa ama kujaza upepo?"

"Toka kwangu."

"Siwezi toka, nimechoka. Jana nimekalia kigoda yako kwa mtungi. Kumbe ni nzuri! Imezoea matako yangu sasa, inaniuliza nilikuwa wapi siku zote."

Mzee Etyang' alitetemeka kwa hasira, na nikaona kitu. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja. Kidogo tu, kama mtu anayeota. Sista pia aliona. Mama Omuse alipotaka kumfukuza Ikapel kwa mwiko, Sista akamshika. "Mama, huyo ni dawa. Huyo aje kila siku."

Akaja kila siku! Alikaa pale anamtukana mwenzake kwa bidii, anakula muhogo wa watu.

Lakini nyumba ilikuwa bado inatushinda. Tukimwacha asubuhi akipukuchua mahindi kwa mkono wa kulia, punje moja moja, tukirudi safari nyingine tunakuta Amoit amepukuchua gunia zima. Tukisema ajilishe, tunakuta kijiko kimerudi kwa Mama Omuse. Nikataka kugomba. Sista akanivuta nje.

"Nyabo, wewe nilipokufunga mikono, ulisikia vipi?"

"Vibaya. Nilijiona mtu bure."

"Sasa hawa wanawake tumewafunga, na hatujawapa kazi nyingine."

Akarudi ndani akamwambia Mama Omuse kwamba mzee ni mwizi, na nyumba inahitaji refa. Mzee anaiba na mkono wa kushoto, anausaidia wa kulia kwa siri. Nani atamkamata? Macho ya mama yakawaka. Kutoka siku hiyo hakuna askari wa forodha aliyemfikia. "Kushoto! Naiona kushoto! Irudi chini!" Hata usingizini alisema. Amoit akapewa kazi ya kupika uji, kuchuja, na kuhukumu kama umepungua. Majirani walipouliza kwa nini mzee anajihangaisha, Mama Omuse aliwaambia, "Mimi ndio namfundisha." Jina lake likapanda badala ya kushuka.

Shida nyingine ilikuwa kusimama. Nilizoea kuwaambia watu: vuta miguu nyuma, inama mbele kama unachungulia chungu, halafu inuka. Mzee Etyang' akakataa katakata.

"Mtu hachungulii chungu."

"Mzee, hakuna chungu hapa. Ni mfano."

"Hata kwa mfano sichungulii."

Tukakwama hapo siku nzima. Mwishowe nikamwambia, "Basi inama kama unatafuta kuku chini ya kiti." Akafikiri. Kuku hana shida. Akainama, akainuka! Mama Omuse akapiga kigelegele, Sista akaruka, akajikwaa kwenye sufuria ya uji, ukamwagika wote juu ya gauni lake jeupe. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza, upande mmoja wa mdomo kwanza, na nyuma yake, ukichechemea, upande wa pili.

Wiki zikaenda. Akatembea na fimbo kati ya miti yetu uani, kuku mbele, kuku nyuma. Mkono ulichelewa kuliko mguu, na huwa hivyo mara nyingi, msikate tamaa. Wimbi likaiva. Likavunwa. Likaanikwa. Siku moja Ikapel akaja bila tusi lolote, akasimama mlangoni. "Ajono ya wimbi mpya inaiva kwangu. Jumamosi." Akaondoka.

Mzee Etyang' akaniita kando. Wanangu, yule mtu aliyewahi kumfukuza chui kwa jembe, aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama Lori, nikiiangusha?"

"Utaiokota."

"Wakicheka?"

"Ikapel alipoanguka na baiskeli kwenye matope, nani alicheka?"

Akakunja uso. "Hiyo ilikuwa ya kuchekesha."

"Basi na wewe uchekeshe."

Jumamosi tukaenda mchana, jua limetulia. Alitembea mwenyewe, fimbo kushoto, mkewe nyuma kama askari. Wazee walikuwa wamekaa, mtungi katikati, mirija imesimama ndani kama miwa. Sisi wanawake tukakaa chini kwenye mkeka. Kigoda chake kilikuwa wazi. Ikapel alikuwa amekipangusa, nilimwona.

Mzee akafika, akageuka, akakaa bila kushikwa. Wazee wakaguna kwa heshima. Akamkabidhi Omuse, mwanawe, fimbo. Akapewa mrija wake na ule mpira wa baiskeli. Mkono wa kulia ukapanda polepole, vidole vikafunguka, vikashika. Mrija ukainuka. Na nusu ya njia, ukateleza, ukaanguka mavumbini.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Omuse aliruka. Wazee wawili wakanyoosha mikono. Na wa kwanza kufika alikuwa Ikapel mwenyewe, machozi yanamtoka, ameshaushika mkono wa mwenzake ili amshikishe. "Wacha nikusaidie, ndugu yangu, wacha tu."

Nikamwona Mzee Etyang' usoni. Ulikuwa uso wa mtu anayeletewa kikombe.

Mimi ni mgeni pale, tena Mluhya, tena mwanamke, tena nimekaa chini. Lakini koo lilifunguka lenyewe. "MIKONO NYUMA!"

Sijui sauti hiyo ilitoka wapi. Malori ya Malaba yangesimama. Na wazee wote wa mtungi ule, watu wenye mvi na mashamba, wakaweka mikono nyuma ya mgongo kama watoto wa chekechea. Ikapel pia. Mirija ikabaki imesimama mtungini peke yake, hakuna wa kuivuta. Ajono inapoa. Mduara mzima wa wazee wenye kiu, mikono nyuma, wanamngoja mtu mmoja.

Mzee Etyang' akainama mbele, kama anayetafuta kuku. Mkono wa kulia ukashuka mpaka mavumbini, ukapapasa, ukaushika mrija pale penye mpira. Mama Omuse akafungua mdomo, nikamwona anahesabu mikono: wa kushoto uko gotini, haujasogea. Mrija ukapanda. Ukatetemeka, ukagonga mdomo wa mtungi, ukaingia. Akaupeleka mdomoni, akaubana na midomo yote miwili. Tukaona koo lake linapanda na kushuka.

Hakuna tone lililodondoka.

Akatulia. Akameza tena. Akamwangalia jirani yake.

"Ikapel."

"Eeh, ndugu yangu."

"Bibi yako ameweka maji mingi."

Wee! Boma lilipasuka. Vigelegele, matusi, watu wanapigana migongo, bibi ya Ikapel anatafuta mwiko wa kumpigia mgonjwa wangu. Sista Nakato, aliyekuwa ameamuru kuonja tu, alionja sana. Mzee Etyang' ndiye aliyeonja kidogo kweli, akauweka mrija magotini akashika maongezi, maana alichokosa miezi yote ile hakikuwa pombe.

Sasa, kijana wa viatu vyeupe, jibu lako. Mzee Etyang' hakurudi kuwa kama zamani. Jembe hakulishika tena kama mwanzo, na mguu uliburura mpaka mwisho. Vifungo vya shati aliendelea kufungwa na mkewe. Nilipomuuliza kwa nini, na vidole sasa vinaweza, aliniambia hiyo si ugonjwa, hiyo ni ndoa. Lakini alikula mwenyewe, alikwenda choo mwenyewe, alimeza dawa mwenyewe, na Jumamosi hakuna aliyekaa kwenye kigoda chake. Sisi hatukumpa kitu. Tulimzungukia tu mpaka nyumba yake ikajifunza kumngoja. Kama unataka kazi ya kupewa asante, kabebe mizigo. Ninyi mtakaobaki, mtaona vitu.

Mimi nilikiona changu jioni ileile. Watu wanaanza kutawanyika, Ikapel akataka kuinuka kutupa kwaheri. Alikuwa amekunywa ya wawili. Akasukuma, akarudi chini. Akasukuma tena, akarudi chini. Omuse akataka kwenda kumshika, na baba yake akamzuia kwa jicho. Mzee Etyang' akainuka kwenye kigoda chake, akasimama mbele ya rafiki yake, mrefu, ameegemea mguu mzima.

"Vuta miguu nyuma, Ikapel," akasema. "Sasa inama kama unatafuta kuku chini ya kiti."

"Nishike mkono, wewe mchawi!"

"Siwezi," akasema Mzee Etyang', na hakuwa amewahi kufurahi hivyo maishani. Nikachungulia upande wa pili. Nyuma ya mgongo wake, mkono wa kushoto ulikuwa umeushika wa kulia, na wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto.